Haki za Binadamu: Nani Aliulizwa?

Husemwa mara nyingi, barazani na hata katika mikutano ya wakubwa, kwamba haki za binadamu ni mambo ya Wazungu. Wasemao hivyo wana hoja. Azimio la Ulimwengu lilipopitishwa mjini Paris, Desemba 10, 1948, nchi 48 ziliunga mkono na nchi 8 zilijizuia kupiga kura. Afrika ilikuwa na wanachama wanne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini ya makaburu, nayo ilikuwa miongoni mwa zile 8. Tanganyika haikuulizwa. Ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, msimamizi wake Mwingereza.

Hata hivyo Azimio lilitamka kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu nchi yake iko chini ya udhamini, wala asinyang'anywe mali yake ovyo. Sasa tazama yaliyofuata. Novemba 1951 Mwingereza huyo huyo aliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, apate kuwagawia walowezi ardhi ya kufugia ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto. Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, akiwa na wakili Earle Seaton. Baraza la Udhamini likasikitika. Naam, likasikitika! Baadaye katika Baraza Kuu, pendekezo la kutaka warudishiwe ardhi yao lilikosa theluthi mbili ya kura.

Kirilo hakusafiri mwendo wote ule ili akaseme maneno yale ni ya kigeni. Alikwenda kuwadai waliyoyaandika wenyewe. Tena hakudai shamba la mtu mmoja, bali ardhi ya watu wote wa Meru. Na haki za jamii nzima ndizo Afrika ilizoziandika baadaye katika Mkataba wake wa mwaka 1981.

Kwa hiyo hoja ile ya ugeni yafaa kupimwa kwa kumtazama anayeitoa. Mwaka 1961 serikali yetu wenyewe ilikataa kuziweka haki hizi katika Katiba ya uhuru, ikihofia zingekwamisha maendeleo. Mwaka 1962 ikatunga sheria ya kumweka mtu kizuizini pasipo kumfikisha mahakamani. Haki hizo ziliingia katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaruhusiwa kuzisimamia kuanzia 1988.