Kalata-kalata: Ukunga wa Kasai katika Historia ya Homoni, Dawa na Umeme wa Mji wa Mimba

Katika miaka ya 1960, Lorents Gran, daktari Mnorwei aliyekuwa Kongo katika kazi ya Msalaba Mwekundu, alibaini kwamba wanawake wa jamii ya Walulua walitumia maji ya mmea uliochemshwa ili kuharakisha kujifungua. Wenyewe waliuita kalata-kalata. Wanabotania huuita Oldenlandia affinis. Makala hii inafuatilia safari ya jina hilo kutoka ukungani hadi maabara, na inatoa hoja kwamba istilahi za wakunga zinapaswa kuhifadhiwa pamoja na masharti ya matumizi yake. Jina lisilo na masharti ni nusu ya elimu, na katika uzazi nusu ya elimu huweza kuua.

Wakati huo sayansi ilikuwa tayari na historia yake. Mwaka 1906 Henry Dale, nchini Uingereza, alionesha kwamba dondoo la tezi ya pituitari hukaza mji wa mimba wa paka. Kiini chake, oksitosini, ambacho jina lake la asili ya Kigiriki lina maana ya kuzaa upesi, kiliundwa na Vincent du Vigneaud nchini Marekani mwaka 1953. Miaka miwili baadaye alitunukiwa Nobeli ya Kemia. Hata hivyo, swali moja lilisalia: kwa nini dawa ileile hutenda kwa nguvu wakati fulani na kwa unyonge wakati mwingine?

Jibu lilipatikana katika umeme wa seli. Ndani ya seli ya misuli laini mna chaji hasi kuliko nje. Tofauti hiyo inapopungua hadi kiwango fulani, ayoni za kalisi huingia, mpigo wa umeme huzuka, na msuli hukaza. Oksitosini huongeza mipigo hiyo, lakini homoni nyingine ndizo huuandaa msuli kuipokea. Mwaka 1941 Emil Bozler alichapisha matokeo kuhusu athari ya estrojeni katika umeme wa mji wa mimba. Mwaka 1956 Arpad Csapo alifafanua nadharia yake kwamba projesteroni huzuia mikazo isisambae wakati wa ujauzito. Mwaka 1977 Robert Garfield na wenzake walionesha kwamba uchungu unapokaribia, njia ndogo za kupitishia umeme huongezeka baina ya seli, hata mji wote ukakaza kwa pamoja.

Gran aliuchunguza mmea katika muktadha huo. Mwaka 1970 alichapisha habari za viambato vyake vinavyokaza mji wa mimba, na mwaka 1973 alieleza athari ya peptidi yake katika mji wa mimba uliotawaliwa na estrojeni. Mwaka 1995 umbo la peptidi hiyo lilifumbuliwa: asidi amino 29 zilizoungana kama pete na kukazwa na vifungo vitatu vya salfa. Umbo hilo ndilo linaloiwezesha kustahimili kuchemshwa, ilhali oksitosini huhitaji kuhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8. Peptidi hiyo huitwa kalata B1. Kwa hiyo neno la ukungani limekuwa istilahi ya kemia duniani kote.

Lakini neno hilo, likiwa peke yake, halisemi mama apewe kiasi gani, lini, wala nani asipewe. Mikazo inayopita kiasi humnyima mtoto hewa na huweza kuupasua mji wa mimba. Kiswahili nacho kina mtego wake: uchungu ni maumivu, ni ladha, tena ni hali ya kujifungua. Kamusi au mwongozo wa afya unaoandika “dawa ya uchungu” bila maelezo unaweza kufahamika kuwa ni dawa ya kutuliza au ya kuongeza, mambo mawili yanayopingana.

Kwa hiyo, wakusanyaji wa istilahi katika nchi jirani wanapaswa kuandika, sambamba na kila jina la mmea, sehemu inayotumika, namna ya kuandaa, hatua ya uzazi na makatazo ya wakunga wenyewe. Watunga sera nao waidhinishe istilahi zinazotenganisha kuanzisha uchungu, kuuongeza na kuutuliza, kabla miongozo haijawafikia wahudumu. Kumbukumbu ya namna hiyo haithibitishi usalama wa mmea wowote. Humpa mtafiti swali sahihi la kuanzia, na humkinga mama dhidi ya neno lililoeleweka kinyume.