Ritifaa ya Wameru: asili na maana ya majina ya M', na kwa nini yanapungua

MSOMAJI anayepitia orodha ya wenye mashamba katika Kaunti ya Meru hukutana mara kwa mara na jina linaloanza kwa herufi moja na ritifaa: M'Mugambi, M'Imanyara, M'Inoti, M'Ethingia. Kwingineko nchini Kenya jina la namna hii ni nadra mno. Ukiliona Mombasa au Kisumu, unaweza kusema bila wasiwasi kwamba mwenyewe, au baba yake, ametoka katika miteremko ya Mlima Kenya upande wa mashariki, au katika vilima vya Nyambene.

Katika lugha ya Kimeru, M' ni kiambishi cha majina ya wanaume. Kwa kawaida hufasiriwa kuwa "mwana wa". Hivyo, M'Mugambi ni mwana wa Mugambi. Lakini katika matumizi, kiambishi hiki kimekuwa pia alama ya heshima kwa mwanamume mzima, ndiyo maana wazee wengi wa zamani walikuwa na M' katika jina lao la kwanza, kisha likafuata "wa" na jina la baba. Wanawake nao walikuwa na kiambishi chao, Cio. Mfano ni Ciokaraine M'Barungu, mwanamke wa Meru anayekumbukwa kwa uongozi wake wakati wa ukoloni.

Kazi ya ritifaa hapa ni tofauti na ile tunayoijua katika Kiswahili. Katika neno ng'ombe, ritifaa hubadilisha sauti. Katika M'Imanyara, huonyesha mpaka baina ya kiambishi na jina lenyewe. Ukiiondoa, unapata "Mimanyara", neno lisilokuwa jina la mtu yeyote.

Nyuma ya kiambishi hicho, jina lenyewe huwa na maana yake. Majina mengi ya Kimeru hutokana na vitenzi na tabia. Mugambi ni msemaji, mtu wa kutoa kauli mbele ya watu. Gitonga ni tajiri, na Muriithi ni mchungaji wa mifugo. Kwa upande wa wanawake, Karimi ni mkulima, Mukami ni mkamuaji wa maziwa, Makena ni mwenye furaha, na Kawira ametokana na neno wira, yaani kazi. Yako pia majina yaliyotokana na marika, kama vile Miriti, Ratanya na Guantai, ambayo humkumbusha msikilizaji kizazi kilichotahiriwa pamoja.

Kusini, katika Kaunti ya Embu, hali ni nyingine. Kiambishi M' hakitumiki huko, ijapokuwa lugha za Kiembu na Kimbeere ni jirani wa karibu wa Kimeru. Huko majina ya wanyama yamejaa: Mbogo ni nyati, Ngari ni chui, Ndwiga ni twiga, Njogu ni ndovu, na Nyaga ni mbuni. Undugu wa lugha hizi hujitokeza katika majina kama Wawira, linalobebwa na wanawake wa Embu. Neno ni lile lile wira. Kilichobadilika ni kiambishi tu.

Tofauti kubwa zaidi ni utaratibu wa kutoa majina. Waembu, kama Wakikuyu, humpa mwana wa kwanza wa kiume jina la babu yake mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili la nyanya mzaa mama. Matokeo yake ni kwamba jina huzunguka badala ya kurithiwa moja kwa moja. Nyaga humzaa Mbogo, naye Mbogo humpa mwanawe jina la Nyaga.

Jina la ukoo lisilobadilika, kama walivyo nalo Wazungu, ni jambo la juzi. Serikali ya kikoloni iliweka makao Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Kisha ikaja sheria ya kipande ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambayo ilimlazimu mwanamume Mwafrika kuandikishwa na kubeba cheti chake. Wamishonari nao waliongeza jina la ubatizo. Karani ndiye aliyeamua jinsi jina litakavyoandikwa, na wakati mwingine ndugu wawili wa tumbo moja walitoka ofisini na tahajia mbili.

Mfano wa jina lililogeuka kuwa la ukoo ni la Jeremiah Nyagah, mwanasiasa wa Embu aliyezaliwa 1920 na kufariki 2008, baada ya kuwa waziri kwa miaka mingi. Wanawe Joseph na Norman, ambao pia waliingia katika siasa, walijulikana kwa jina hilo hilo la Nyagah, likiwa na herufi "h" mwishoni, ilhali familia nyingine huandika Nyaga.

Jambo hili si la Afrika pekee. Huko Uholanzi, amri ya Napoleon ya mwaka 1811 iliwataka wananchi wote wasajili majina ya ukoo. Waholanzi wenyewe wana majina machache yenye ritifaa, kama la Gerard 't Hooft, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1999. Aidha, wao wana kanuni ya kupanga majina: mtu anayeitwa "van Dijk" hutafutwa kwenye herufi D. Ng'ambo ya mpaka, nchini Ubelgiji, hutafutwa kwenye V. Swali hilo hilo linamkabili karani wa Meru: M'Inoti awekwe kwenye M ama kwenye I?

Swali hilo si dogo. Mashamba mengi ya Meru yalipimwa na kuandikishwa kuanzia miaka ya 1960, na hatimiliki zikatolewa kwa majina yenye M'. Baadaye mwenye shamba alipochukua kitambulisho, huenda kiambishi kiliachwa, au ritifaa ikapotea. Anapofariki, watoto wake hufika mahakamani chini ya Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, wakiwa na cheti cha kifo chenye jina moja na hatimiliki yenye jina jingine. Hapo hulazimika kuapa kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, na mara nyingi hutafuta barua ya chifu. Ndiyo sababu kesi nyingi za urithi za Meru hubeba majina mawili ya marehemu yule yule. Pale ambapo jirani au ndugu anapinga, alama moja ndogo inaweza kuchelewesha urithi kwa miaka.

Kompyuta nazo zimeongeza tatizo. Kwa kanuni za kimataifa za pasipoti, mistari ya chini inayosomwa na mashine haikubali ritifaa; M'Inoti huandikwa MINOTI. Kwa hiyo msafiri mwenye tiketi iliyoandikwa kwa njia nyingine anapaswa kujua mapema kwamba jambo hilo ni la kawaida na kwamba ukurasa wenyewe wa pasipoti unaweza kuwa na jina kamili.

Je, majina haya yatatoweka? Bado yapo katika ngazi za juu. Jaji Kathurima M'Inoti amehudumu katika Mahakama ya Rufaa, na Isaac Mutuma M'Ethingia aliapishwa kuwa Gavana wa Meru Machi 2025. Hata hivyo, katika majina hayo yote mawili M' imo katika jina la mwisho. Kijana wa leo huitwa Kelvin Mugambi au Brian Mutuma, na kiambishi hubaki kwa babu.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kuwa na jina tangu kuzaliwa. Mzazi anayetaka kuihifadhi M' na aiandike kwa namna moja tangu cheti cha kuzaliwa hadi kitambulisho. Aliyekwisha kuwa na tofauti katika hati zake anaweza kusajili hati ya kubadilisha jina, itangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, angali hai. Kufanya hivyo ni rahisi kuliko kuwaachia watoto kazi ya kuthibitisha mahakamani kwamba baba yao alikuwa mtu mmoja.