Duara la Nanga: Mtambo, Kazi na Msamiati Wake

1. Neno na kitu chenyewe

Katika kamusi za Kiswahili za nusu ya kwanza ya karne ya 20, neno duara halina maana ya mviringo peke yake. Linataja pia mtambo wa kuzungusha ambao kwao vitu vizito huvutwa au kuinuliwa, ukiwemo ule unaokaa omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kwa ajili ya kupandisha nanga. Asili ya neno hilo ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuzunguka. Maana ya mtambo imefifia: mwanafunzi wa leo akisikia duara hufikiria somo la jiometri. Makala haya yanafuatilia historia ya mtambo huo katika merikebu za matanga, ili kuonyesha kwamba swali linalowakabili wenye vyombo vikuukuu, la kutengeneza duara bovu au kuweka jipya, ni swali la zamani, na kwamba majibu yake hayakosi kugusa lugha.

2. Kutoka kamba hadi mnyororo

Duara la kale lilikuwa gogo nene lililolazwa kukingama sitaha, likazungukia juu ya nguzo mbili. Gogo lilitobolewa matundu. Mabaharia walichomeka miti humo, wakaivuta chini kwa pamoja, wakaichomoa na kuichomeka tena katika matundu yaliyofuata. Vizuizi vifupi viliangukia katika meno yaliyochongwa kuzunguka gogo ili lisirudi nyuma. Kizuizi kikivunjika, uzito wote uliokuwa ukivutwa uliwarudia watu mikononi, na miti ile ikawapiga vibaya. Katika manowari kubwa ilitumika aina nyingine, iliyosimama wima, watu wakiizunguka kwa miguu huku wakisukuma miti kwa vifua. Kazi zote mbili zilidai mwendo mmoja wa watu wengi. Ndiyo sababu nyimbo za kazi, kiongozi akianzisha na wenziwe wakiitikia, zilishamiri katika merikebu za biashara za karne ya 19. Wapiga makasia wa Mto Kongo wasingeziona ngeni.

Amari, yaani kamba nene ya nanga, ilisokotwa kwa katani. Mnamo 1808 Samuel Brown, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa minyororo ya chuma ya merikebu, na katika miongo iliyofuata mnyororo ukachukua nafasi ya katani. Mabadiliko hayo hayakuliacha duara kama lilivyokuwa. Gogo lililoshika kamba vizuri liliumizwa na chuma, hivyo likavikwa mabamba. Hatimaye likapewa gurudumu lenye vishimo vinavyolingana na pete za mnyororo. Ikaja pia mikono ya wenzo iliyopandishwa na kushushwa kama ya pampu ya maji, na miti ya kuchomeka ikapungua kazi. Kanuni inayojitokeza ni hii: duara hufuata amari. Atakayebadili moja bila kutazama nyingine atakuwa na mtambo mzima usiofaa kitu.

3. Mwamba wa 1770

Umuhimu wa mtambo huu hauonekani bandarini, bali hatarini. Merikebu Endeavour ilijengwa Whitby, Uingereza, ikashushwa majini mwaka 1764 kwa ajili ya kubeba makaa ya mawe. Usiku wa tarehe 11 Juni 1770, ikiongozwa na James Cook, ilipanda juu ya mwamba wa matumbawe kaskazini mashariki mwa Australia. Mizinga, mawe ya farumi na vitu vingine vizito vilitupwa baharini. Nanga zilipelekwa kwa mashua hadi kwenye maji ya kina, na amari zake zikarudishwa kwenye mitambo miwili ya kuvutia, uliolala na uliosimama. Nanga, ambayo kazi yake ni kuzuia chombo kisiende, ilitumika hapo kukivuta kiende.

Usiku uliofuata maji yaliingia kwa kasi iliyozidi nguvu ya pampu. Cook alilazimika kuchagua: kila mtu aliyepelekwa kwenye duara alikuwa ameondolewa kwenye pampu. Akawapeleka wote walioweza kuachiliwa, na yapata saa nne na dakika 20 chombo kikaelea kikavutwa nje. Nanga moja iliachwa mwambani. Iliopolewa mwaka 1971.

Chombo kilitengenezwa kwenye mlango wa mto katika nchi ya Waguugu Yimithirr, kwa muda wa wiki saba hivi. Katika siku hizo wageni waliandika neno gangurru, ambalo wenyeji walilitumia kwa aina moja ya mnyama wa kwao. Kwa njia ya Kiingereza neno hilo limefika hata katika Kiswahili, nalo ni kangaruu. Matengenezo ya merikebu yakawa pia mlango wa neno.

4. Kutengeneza au kubadili

Katika vyombo vidogo vya matanga vya leo, duara huendeshwa mara nyingi kwa umeme wa betri. Likikwama, mwenye chombo hukabiliwa na mambo matatu yanayopaswa kupimwa kwa mpangilio.

La kwanza ni hali ya mwili wa mtambo. Shaba nyeusi huvumilia maji ya chumvi kwa miaka mingi. Mipira ya kuzuia mafuta ikibadilishwa na mafuta ya gia yakiwekwa mapya, duara kuukuu laweza kurudi kazini. Aluminiamu iliyofungwa kwa bolti za chuma kisichoshika kutu ni jambo jingine: metali hizo mbili zikigusana katika maji ya chumvi, aluminiamu huliwa, hata ganda likapasuka wakati wa kufungua bolti.

La pili ni mahali linapokaa. Maji yanayopenya katika matundu ya bolti huozesha mbao za sitaha. Duara jipya juu ya mbao zilizooza ni hatari kuliko duara bovu, kwa kuwa humpa mwenye chombo imani isiyo na msingi.

La tatu ni mnyororo na umeme. Gurudumu la mnyororo wa milimita 10 halishiki sawasawa ule wa milimita 8. Mota ya wati 1,000 kwa umeme wa volti 12 huvuta zaidi ya ampea 80. Waya mwembamba utapata moto na mota itakosa nguvu, na fundi atalaumu mtambo usio na kosa. Zaidi ya hayo, chombo kikishatia nanga, mzigo wa mawimbi ufungwe kwenye nguzo imara ya sitaha kwa kamba inayonyumbuka, usiachiwe meno ya gia. Maduara mengi hufa kwa kubebeshwa kazi isiyo yao.

5. Hitimisho

Kiswahili husema kung'oa nanga, kwa kitenzi kile kile cha kung'oa kisiki na jino. Mtambo umepunguza jasho, lakini kitenzi kingali kinalitaja. Sivyo ilivyo kwa majina ya vifaa: amari, baura (nanga ya Kizungu yenye makombe mawili), roda iliyotoka katika Kireno, na duara lenyewe katika maana yake ya mtambo. Majina hayo hutegemea mikono inayoshika vitu vyenyewe. Kitu kikiondolewa bila kuandikwa, jina hukosa pa kushikia. Fundi anayefungua duara kuukuu ana sababu ya kuhifadhi kila kipande mpaka kazi iishe. Mwanaisimu naye afike kabla ya bolti ya mwisho kukatwa, aulize kila kipande kinaitwaje na kilifanya kazi gani, kwani Kalemie, Uvira na Kigoma bado kuna vyombo vinavyotia nanga, na watu wanaojua kuving'olea.