Sahani za Santuri na Tofauti za Chapa Zake, Pamoja na Mambo Yahusuyo Lugha za Ngara na Biharamulo

Wasomaji wa kurasa kama hizi wamezoea habari za maneno: methali, vitendawili, majina ya koo, desturi za arusi na za matanga. Leo twapenda kueleza habari za kitu ambacho wengi hukihesabu kuwa cha mchezo tu, nacho ni sahani ya santuri. Wako watu, huko Ulaya na Marekani na hata katika miji yetu ya Afrika ya Mashariki, wanaokusanya sahani hizi, wala hawatosheki kuwa na nakala moja ya wimbo mmoja. Huitafuta chapa ya kwanza, kisha ya pili, kisha ile iliyopigwa katika nchi nyingine, wakazisikiliza moja baada ya moja, ili wajue ipi imeishika sauti vema. Asiyejua sababu huwacheka. Lakini sisi twaona kazi yao ni ile ile ya mtu alinganishaye hati mbili za mkono za utenzi mmoja, na mwalimu au padre atakaye kuandika sawasawa lugha za upande wetu wa Kagera ingemfaa sana kuijua.

Wilaya ya Ngara ina Wahangaza wa Bugufi na Washubi wa Bushubi. Biharamulo ina Wasubi wa Rusubi, tena Wazinza na Wasumbwa. Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kiha. Kizinza kiko upande wa Kihaya na Kinyambo. Kisumbwa chafuatana na Kinyamwezi. Bugufi yenyewe ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla ya ukoloni, ikabaki upande wa Tanganyika baada ya vita vya 1914–1918, Waingereza na Wabelgiji walipogawana nchi iliyokuwa ya Wadachi. Kwa hiyo atafutaye sauti za kale zilizo karibu na za Ngara asishangae kuzikuta katika sahani zilizoandikwa jina la Burundi au la Rwanda. Mpaka ulichorwa katika karatasi, bali masikio ya watu hayakuchorwa.

Tena mtazameni jinsi majina haya mawili, Washubi na Wasubi, yanavyokaribiana. Ni watu mbalimbali na nchi mbalimbali, nao hutengwa katika kusema kwa tofauti ya *sh* na *s* peke yake. Basi sauti hizi mbili ndizo zinazopotea kwanza katika sahani mbovu. Sauti ya *s* hutokana na mitetemo ya haraka sana, mingi yake ikipita 4,000 kwa sekunde, na ile ya *sh* huanza chini kidogo. Santuri za zamani zilizorekodiwa kwa pembe, pasipo umeme, hazikuweza kushika zaidi ya mitetemo kama 2,500 hivi. Njia ya umeme iliyoanza katika mwaka wa 1925 ilifika 5,000 na kuzidi. Msikilizaji wa sahani ya namna ile ya kwanza hawezi kuapa kwamba amesikia *s* wala *sh* wala *f*. Aweza kukisia tu, kama anaijua lugha. Na kama haijui, ataandika kosa, na kosa lake litanakiliwa na wengine.

Sauti za nchi jirani zilianza kukamatwa kabla sahani hazijafika huku. Katika mwaka wa 1907 msafara wa Adolf Friedrich, wa ukoo wa watawala wa Mecklenburg, ulipita Bukoba na Karagwe ukaingia Rwanda. Pamoja nao alikuwako Jan Czekanowski, mtaalamu wa Kipolandi, aliyenasa nyimbo kwa mashine ya kurekodi katika miviringo ya nta. Nyimbo hizo zilipelekwa Berlin, katika hazina ya sauti iliyoanzishwa na Carl Stumpf mwaka 1900, zikachunguzwa na Erich von Hornbostel, na maandishi yake yakatolewa mwaka 1917 ndani ya kitabu cha Czekanowski. Huyu Hornbostel ndiye aliyeandika mwaka 1909 juu ya nyimbo za Wanyamwezi katika *Anthropos*, gazeti la wataalamu lililoanzishwa mwaka 1906 na Padre Wilhelm Schmidt. Basi kazi hii ilikuwa na wamisionari ndani yake tangu mwanzo.

Nta ni laini, na kila sindano ipitapo huikwangua. Kwa sababu hiyo wale wa Berlin waliufunika mviringo kwa shaba kwa njia ya umeme, wakapata kalibu iliyo kinyume chake, na kutoka kalibu hiyo wakamimina nakala nyingine za nta. Katika kazi hiyo mviringo wa asili uliharibika. Yaani sauti ya kwanza ilikufa ili ipate watoto! Baada ya vita vya 1939–1945 hazina hiyo ilikuwa imetawanyika, sehemu kubwa ikachukuliwa upande wa mashariki, nayo ikarudishwa mahali pake Berlin mwaka 1991. Katika mwaka wa 1999 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya kumbukumbu za ulimwengu. Maana yake kwetu ni kwamba hata sauti ya mwaka 1907 twaisikia kwa njia ya nakala, si kwa njia ya asili.

Sahani zilipokuja, kanuni ilikuwa hiyo hiyo, ila mitambo ilikuwa mikubwa zaidi. Fundi huchonga mfuo katika sahani laini. Sahani hiyo hupakwa madini, ikatolewa kalibu ya kwanza ambayo mafundi huiita baba. Kwa baba hutolewa mama, na kwa mama hutolewa mihuri, na ni mihuri hiyo inayogandamizwa katika unga wa moto ili kupiga sahani zinazouzwa. Muhuri mmoja huchakaa. Sahani ya mwanzo wa muhuri na ile ya mwisho wake zina wimbo mmoja na karatasi moja katikati, walakini hazina sauti moja. Tena ikiwa kampuni imepeleka mama katika nchi nyingine, au imechonga upya kutoka utepe ulionakiliwa mara mbili tatu, tofauti huzidi. Alama za mambo haya zimo katika sahani yenyewe, katika ule uwanja mtupu ulio baina ya mfuo wa mwisho na karatasi ya jina: namba na herufi ndogo zilizochongwa. Wakusanyaji huzisoma kama sisi tusomavyo kurasa za mwanzo za kitabu kujua kimepigwa chapa wapi na mara ya ngapi.

Na unga ule ulikuwa wa namna mbili. Sahani za kale, zizungukazo mara 78 kwa dakika, zilifanywa kwa utomvu wa wadudu wadogo wa Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi. Ni ngumu, hupasuka zikianguka, na zile chembe za mawe hutoa mkwaruzo usiokoma. Za namna hiyo ndizo zilizopeleka sauti ya Siti binti Saad kila mahali, baada ya yeye na wenzake kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Wakati huo njia ya umeme ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Lau wangalitangulia kidogo, Kiswahili chake tungalikisikia kama mtu asemaye ndani ya mtungi. Za namna ya pili ni za vinili, nazo zilianza kuenea baada ya mwaka 1948, kwa mwendo wa 33 na theluthi. Hizi ni laini na kimya, mfuo wake ni mwembamba, na sindano yake ni nyembamba pia. Atiaye sindano nyembamba katika sahani ya 78 hushuka mpaka chini ya mfuo penye vumbi na uchafu, kisha hulaumu sahani kwa kosa la sindano.

Hugh Tracey alirekodi Tanganyika mwaka 1950 na Rwanda mwaka 1952, na kazi yake yapatikana katika sahani za 78, katika mfululizo mrefu wa vinili uitwao *Sound of Africa*, na baadaye katika diski ndogo zilizotengenezwa kutoka tepe za asili. Ni wimbo mmoja katika mavazi matatu. Sifa yake kubwa, kwa maoni yetu, si sahani bali kadi zake: aliandika lugha, mahali, majina ya waimbaji na ala, hata akapima ala kwa vyuma vya sauti.

Lakini sahani iliyotufundisha zaidi ni ya Burundi. Michel Vuylsteke alirekodi nchini humo mwaka 1967, na kampuni ya Ocora ya Ufaransa ikaitoa kazi hiyo mwaka 1968 kwa jina la *Musique du Burundi*. Ngoma zake zilipata umaarufu wa ajabu. Mwaka 1971 zilitiwa ndani ya muziki wa dansi wa Ulaya, na mwaka 1975 Joni Mitchell akazitumia katika wimbo wake, hivi kwamba watu wengi walizicheza pasipo kujua jina la mpigaji hata mmoja. Ngoma haina shida. Ni kubwa, huvumilia sahani mbaya na sindano butu, na kila chapa huileta salama.

Inanga ndiyo yenye shida. Ni ubao uliochimbwa kama hori, wenye nyuzi. Wahaya huita ala ya namna hiyo enanga. Warundi wanao mtindo wa kuipiga huku mwimbaji akinong'ona. Haimbi kwa koo. Anapitisha pumzi tu, na nyuzi ndizo zinazofuata kupanda na kushuka kwa maneno. Cornelia Fales, mtaalamu wa Marekani, ameeleza jinsi sikio la msikilizaji linavyounganisha mnong'ono usio na sauti ya juu wala ya chini na mlio wa nyuzi, hata likadhani kwamba mnong'ono wenyewe waimba. Na kwa kuwa Kirundi, kama Kihangaza, ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti kwaweza kubadili maana ya neno, nyuzi zile si pambo: zinashika sehemu ya maana ambayo pumzi haiwezi kuichukua.

Fikirini sasa. Mnong'ono ni nini ila mchakacho wa pumzi? Na sahani mbovu hutoa nini ila mchakacho? Viwili hivi ni vya jamii moja. Tulisikiliza nakala mbili za inanga ya namna hii, moja iliyochezwa sana na nyingine iliyotunzwa, pamoja na mzee wa Bugufi. Katika ile iliyochakaa alisema mtu huyo anahema. Katika ile iliyotunzwa alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuyarudia maneno kabla ya sahani kwisha.

Hapo tungeweza kudhani kwamba nakala iliyo kimya kuliko zote ndiyo ya kweli kuliko zote, na wakusanyaji wengi husema hivyo. Sisi hatukubali. Siku hizi sahani huhamishwa katika kompyuta, na iko programu ya kuondoa mkwaruzo. Programu hiyo haijui Kirundi. Ikiambiwa iondoe mchakacho, yaweza kuondoa pamoja nao sehemu ya mnong'ono, na kuipunguza *s* mpaka ifanane na *f*. Ikabaki inanga safi, tamu, isiyo na maneno. Atakayesikia nakala hiyo peke yake ataandika kwamba mtindo huu ni muziki mtupu, na hakuna atakayemkanusha ikiwa ile sahani yenye makwaruzo imekwisha kutupwa. Na sahani zinatupwa. Ghala za misheni na za shule husafishwa, mtu husema yaliyomo yamekwisha kuhamishwa, na masanduku huenda jalalani.

Tena haikuwa rahisi kwa lugha zetu kupata sahani tangu zamani. Tanzania haikupata kiwanda chake cha kupiga sahani. Mpango wa kuwa nacho Dar es Salaam haukutimia. Bendi zetu zilirekodiwa katika tepe za redio, na sahani zilipigwa Nairobi, mpaka mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, usifunguliwe tena hadi 1983. Wafanya biashara wa Nairobi walitafuta lugha zenye wanunuzi wengi. Nani angepiga sahani elfu moja za Kishubi? Kwa hiyo kila sahani inayogusa lugha hizi, hata kwa upande wa jirani, ni chache, na nakala yake ya pili si ziada.

Basi aliye na sahani katika ghala lake na afanye hivi. Aisimamishe wima, asiilaze chini ya nyingine. Aandike katika karatasi, si juu ya sahani, namba zote zilizochongwa karibu na kitovu, pamoja na jina la kampuni na nchi iliyopigwa. Akiihamisha, aihamishe kwanza kama ilivyo na mkwaruzo wake wote, na nakala iliyosafishwa iwe ya pili, yenye jina mbali. Apime mwendo, kwa maana sahani ya 78 ikizungushwa mara 80 hupandisha sauti karibu nusu ya hatua ndogo ya kinanda. Kisha amwite mtu ajuaye lugha, wasikilize pamoja zaidi ya nakala moja, na palipo na shaka ya *s* au *sh* aandike zote mbili, pamoja na jina la kijiji cha huyo aliyesikiliza.