Kiunzi cha Ugwe wa Mgongo

Katika vitongoji vya Morogoro vinavyopanda kutoka Kilakala kuelekea vilele vya Uluguru, ambako mwembe na mfenesi humpa mtu riziki yake kwa sharti la kuukwea, si jambo geni kusikia kwamba fulani ameanguka, amevunjika mgongo, na tangu siku hiyo miguu yake haina habari naye. Kumbukumbu za majeruhi wa namna hiyo waliotibiwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, zimeonyesha kuwa kuanguka kumetangulia hata ajali za barabarani. Nasi tukaao kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam twajua jinsi ajali hizo zilivyo nyingi.

Matabibu wa kale waliyajua maradhi haya. Katika gombo lililoandikwa Misri yapata miaka 1600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, ambalo Mmarekani Edwin Smith alilinunua Luxor mwaka 1862, mna habari za majeruhi 48. Na tabibu, baada ya kumkagua mtu aliyeteguka pingili za shingo, asiyehisi mikono wala miguu, anahukumu kuwa hayo ni maradhi yasiyotibiwa. Hukumu hiyo ilidumu zaidi ya miaka 3,000.

Aliyeitikisa ni Ludwig Guttmann, tabibu Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939, naye Februari 1944 akakabidhiwa wadi ya majeruhi wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuwa na dawa mpya. Aliamuru majeruhi wageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, wasipate vidonda vya kulalia. Kibofu kihifadhiwe na uchafu. Na kila mtu ashughulishwe kwa kazi na michezo. Watu ambao zamani walikufa kwa vidonda na maradhi ya figo katika muda wa miezi michache wakaanza kuishi miaka, na mashindano ya upinde aliyoyaanzisha mwaka 1948 kwa washindani 16 yakawa chimbuko la Olimpiki ya Walemavu. Kwa maoni yangu, katika historia nzima ya jeraha hili hapana uvumbuzi uliookoa roho nyingi kuliko huo wa kumgeuza mgonjwa, ingawa hauna fahari ya maabara.

Hata hivyo Guttmann hakuuunga ugwe wenyewe, ule uzi laini wa neva upitao ndani ya pingili. Mfupa ukivunjika huunga. Ugwe ukikatika huacha kovu na uwazi, na nyuzi za neva hukomea hapo. Bingwa wa Kihispania, Santiago Ramón y Cajal, aliandika mwaka 1928 kuwa kwa mtu mzima njia hizo hazioti tena, akawaachia wanasayansi wa baadaye kazi ya kulitangua neno hilo, wakiweza. Mwaka 1981, huko Montreal, Samuel David na Albert Aguayo walikata kipande cha neva ya mguu wa panya, wakakipandikiza kama daraja baina ya shina la ubongo na ugwe, na nyuzi zilizodhaniwa zimekufa ganzi zikaota karibu sentimita 3. Ikadhihirika kuwa hazikukosa uwezo wa kuota. Zilikosa pa kupita.

Pa kupita pakatafutwa hata machinjioni. Katika miaka ya 1980, Stephen Badylak wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alitumia utando wa utumbo mdogo badala ya mshipa mkubwa wa damu wa mbwa, na mbwa akaishi. Kutokana na kazi za namna hiyo ilienea elimu ya kuosha viungo: kipande cha mnyama huoshwa kwa dawa za jamii ya sabuni mpaka chembe hai zote zitoke, kibaki kiunzi kitupu cha kolajeni, ambacho mwili wa mgonjwa haukifanyii uadui mkubwa, kwa kuwa aghalabu unachokichukia ni zile chembe za mgeni. Kiunzi hicho hutiwa penye uwazi, nyuzi zipate kutambaa mfano wa mharagwe juu ya ufito. Aghalabu hutengenezwa kwa nguruwe, jambo ambalo Waislamu wamelijadili kwa kanuni ya dharura. Lakini kolajeni ya ng'ombe nayo yafaa, na ndiyo waliyoitumia Wachina walioanza mwaka 2015 kuwapandikizia wanadamu. Mwaka 2022 Tal Dvir na wenzake wa Tel Aviv walitangaza kuwa, kwa mafuta ya tumbo la binadamu yaliyogeuzwa rojo na kuoteshwa chembe changa, panya wengi waliopooza wametembea tena. Panya, nasema; kwa mwanadamu hapajapatikana kiunzi kilichothibitishwa kumrudishia miguu yake, na anayekuuzia habari nyingine ana haja na mfuko wako.

Kwetu, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoko Dar es Salaam, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996, nayo i mbali na Kilakala kadiri ya kilomita 190. Mara nyingi ugwe ulioumia haukukatika wote, bali huweza kumaliziwa njiani na mikono ya wasamaria. Basi ndugu msomaji, ukimkuta aliyeanguka mtini, usimketishe, usimbebe mgongoni wala usimpakie bodaboda; mshikeni watu wanne, shingo na kiwiliwili vikiwa vimenyooka, mlazeni chali juu ya ubao au mlango, ndipo apelekwe hospitali.