Kuchafuka na Kuchafuliwa: Hewa ya Miji, Ziwa Victoria na Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Mvuvi asemaye Kiswahili husema bahari "imechafuka" akimaanisha upepo na mawimbi. Kitenzi hicho hakimtaji mtenda. Bahari huchafuka kama vile siku inavyokucha. Wataalamu walipohitaji istilahi ya madhara ya viwanda walichukua mzizi uleule wakaunda "uchafuzi", neno linalomficha mtenda ndani yake lakini halimkani. Makala haya yanadai kwamba tofauti hiyo ya kisarufi ina historia yake katika utawala wa maji ya Afrika Mashariki, na kwamba historia hiyo inawahusu watunga sera wa Palma na Mocímboa da Praia leo.

Ushahidi mzito uko mbali na pwani, kwenye Ziwa Victoria. Ziwa hilo lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake cha juu ni takribani mita 80 tu, na kiasi cha asilimia 80 ya maji yanayoliingia ni mvua inyeshayo moja kwa moja juu yake. Kwa hiyo, kilichomo hewani kimo njiani kuelekea ziwani. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na Jinja ikapata viwanda, kikiwamo cha kuyeyusha shaba ya Kilembe. Kampala na Mwanza zilikua, na pamoja nazo moshi wa mkaa, magari na taka zichomwazo. Kufikia miaka ya 1990 mwani ulikuwa umetanda, na oksijeni imepungua vilindini.

Mwaka 1994 Kenya, Tanzania na Uganda zilikubaliana juu ya mradi wa pamoja wa mazingira ya ziwa. Macho yalielekezwa kwenye mito, mabomba ya majitaka na gugu maji, yaani vitu vionekanavyo. Ndipo vipimo vya mvua na vumbi, vilivyochapishwa na Tamatamah na wenzake mwaka 2005, vilipokadiria kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi iingiayo ziwani hutoka angani. Tusikimbilie kulilaumu bomba la kiwanda pekee: vumbi la mashamba na moto wa nyika vina sehemu kubwa katika hesabu hiyo. Lakini hewa haina ukingo kama mto, na asiyeonekana ukingoni haulizwi.

Pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado si ziwa. Bahari hubadilisha maji yake kwa kupwa na kujaa, na gesi asilia ikiungua hutoa zaidi oksaidi za naitrojeni kuliko fosforasi; mwenye kuhamisha takwimu za Victoria hadi Palma atakosea. Kinachohamishika ni utaratibu wa kupima. Meli ya Coral Sul, yenye uwezo wa kusindika tani milioni 3.4 za gesi kwa mwaka, ilisafirisha shehena yake ya kwanza Novemba 2022. Mradi wa nchi kavu wa Afungi ulisimamishwa mwaka 2021 baada ya shambulio la Palma la mwezi wa Machi. Umwagaji damu na uhamaji wa watu vimefanya suala la hewa lionekane dogo, na mtu hawezi kumlaumu aliyekimbia na watoto kwa kutoliuliza. Hata hivyo, kipimo cha mvua kabla ya mitambo ya Afungi kuwashwa hakiwezi kuchukuliwa baada yake. 

Msumbiji ina Sheria ya Mazingira ya mwaka 1997 na kanuni za mwaka 2004 zinazoweka viwango vya ubora wa hewa na maji. Nyaraka zake ni za Kireno. Wavuvi wa Palma huzungumza Kimwani, Kimakwe na Kiswahili, na mikutano ya ushauri hutegemea mkalimani. Mkalimani akichagua "imechafuka", msikilizaji atafikiria kusi na kaskazi. Akichagua "imechafuliwa", swali linalofuata litakuwa: na nani? Tunapendekeza vyombo vya kukusanyia maji ya mvua viwekwe Palma, Quionga na Ibo, na matokeo yake yasomwe hadharani kwa kauli hiyo ya pili, pale tu vipimo vitakapoithibitisha.