Tanuri: istilahi moja, mkaa wa Kilosa na mkate wa Armenia

Ukilitaja neno tanuri katika kijiji cha Ulaya Mbuyuni, upande wa barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi, msikilizaji ataelewa mkaa. Ukilitaja pembezoni mwa mji wa Kilosa, ataelewa matofali. Pwani na visiwani, wazee watafikiria chokaa. Mkate huja mwisho, na kwa wengi hauji kabisa. Nalieleza neno hili kwa sababu mfasiri anayeshika maandishi ya safari za Armenia hukutana na istilahi tonir, husita, kisha huandika oveni. Nadhani anapoteza kitu kikubwa, na Kilosa ni mahali pazuri pa kuonyesha ni kitu gani.

Tonir ni mtungi mkubwa wa udongo uliozamishwa ardhini, mdomo wake ukiwa usawa wa sakafu. Chini huwa na tundu la kuingizia hewa. Moto huwashwa ndani, kuni zikawaka mpaka kuta zikashika joto na kubaki makaa. Hapo wanawake, ambao kwa kawaida hufanya kazi hii kwa kikundi, husukuma donge la unga wa ngano na maji likawa jembamba kama kitambaa, hulitandaza juu ya mto uliojazwa nyasi kavu au sufu, kisha huubamiza mto huo kwenye ukuta wa ndani. Mkate hunasa. Baada ya nusu dakika hadi dakika moja hubanduliwa. Huo ndio lavash, mkate unaoweza kuwekwa hadi miezi sita, na ambao maharusi huwekewa mabegani ili wapate uzazi na neema. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Miaka miwili baadaye Azerbaijan, Iran, Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uturuki zikaandikisha kwa pamoja mikate yao ya jamii hiyo, lavash ikiwa miongoni mwake.

Mgeni atokaye Yerevan kwa matembezi ya siku moja mara nyingi hupelekwa Garni kuliona hekalu la kale, halafu Geghard, monasteri ambayo sehemu yake imechongwa ndani ya mwamba, iliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Kati ya hayo mawili huketishwa kando ya tonir na kupewa mkate wa moto. Dini na mkate kuwekwa katika siku moja kunafaa katika nchi ile. Kwa mapokeo, Armenia iliupokea Ukristo kuwa dini ya taifa mwaka 301, na Kanisa lake hutumia mkate usiotiwa chachu katika sakramenti, tofauti na makanisa mengi ya Mashariki yanayotumia mkate uliochachuliwa.

Sasa neno. Katika Kiakadi, lugha ya kale ya Mesopotamia, lilikuwa tinuru. Likaingia katika Kiaramu na Kiebrania, Waarabu wakasema tannur, Waajemi tanur, Wahindi tandur, Waarmenia tonir. Kwetu likaja kwa Kiarabu likawa tanuri, na wengine husema tanuru. Mwislamu hulikuta katika Qurani, Sura ya Hud aya ya 40 na Al-Muuminun aya ya 27, pale tannur inapofoka maji kuwa ishara kwa Nuhu kwamba gharika imefika. Mkristo hulijua kupitia kisa cha Shadraka, Meshaki na Abednego. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili hana haja ya kukopa tonir wala kubuni jina jipya. Ndugu wa neno hilo yumo nyumbani siku nyingi.

Pingamizi liko wazi: tanuri la Kilosa halifanani na shimo la mkate. Tulitazame basi. Mchoma mkaa hukata magogo, huyapanga, huyafunika kwa majani na juu yake udongo, akaacha mahali pa kuwashia. Moto ukishika, kazi yake inakuwa kuunyima hewa. Hulilinda tanuri usiku na mchana akisoma moshi: mzito na mweupe mwanzoni, mwepesi wa rangi ya samawati mkaa unapokaribia kuiva. Udongo ukipasuka asipouziba, hewa huingia na mti hugeuka majivu. Tangu mwaka 2012 vijiji kadhaa vya Kilosa, Ulaya Mbuyuni kikiwemo, vimefanya kazi hii kwa mpango, vikishirikiana na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu. Eneo la kuvunia katika msitu wa kijiji hugawanywa viwanja vya meta 50 kwa 50, mzunguko wa uvunaji ni miaka 24, na visiki huachwa vichipue. Humo neno tanuri limekuwa istilahi hasa, lenye mafunzo yake na aina yake iliyoboreshwa. Kwangu mimi, hao ndio wanaistilahi wa kwanza wa kusikilizwa.

Tanuri la matofali hujengwa kwa matofali yenyewe. Hufyatuliwa, hukaushwa juani, hupangwa kwa kuacha midomo ya kuni upande wa chini, kisha rundo zima hukandikwa tope. Likishaiva hubomolewa, na matofali ndiyo mavuno. Katika bonde la Mkondoa, mto upitao Kilosa, thamani ya kazi hii haihitaji maelezo marefu. Mto ulipofurika mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, watu waliona tofauti kati ya ukuta wa tope na ukuta uliopita motoni.

Ukiyaweka pamoja, mkaa, tofali, chokaa na mkate, maana inayobaki ni moja: mahali ambapo moto umefungiwa kwa udongo ili joto lifanye kazi ambayo mwali peke yake hauwezi. Hiyo ndiyo fasili ninayoipendekeza. Inaikumbatia tonir bila kulazimisha. Oveni inabaki nje, kwa kuwa ni kabati la chuma ambalo mkate hukaa ndani yake juu ya sinia, bila kugusa ukuta.

Na kupalia je? Mama wa Mikumi anayeoka keki kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, hapiki kwa tanuri. Anapalia, na kitenzi hicho kitunzwe kwa kazi hiyo. Joko nalo ni neno zuri, kamusi huliweka bega kwa bega na tanuri, ila ningeliachia wafinyanzi na vyungu vyao.

Ushahidi unaonishawishi zaidi uko pwani, nao ni mkate wa mofa. Huu ni mkate wa unga wa mtama au mahindi unaobandikwa kwenye kuta za tanuri la udongo, na Wasomali wanao, wakiuita muufo na tanuri lake tinaar. Yaani namna ya kuoka ya Garni si ngeni kwa Waswahili. Kwa wengi imeachwa tu nyuma. Kitenzi chake pia kipo: kubandika. Mkaa na matofali huchomwa, mkate huokwa, na mkate wa ukutani hubandikwa. Anayeandika kwamba wanawake wa Armenia "huweka mkate ndani ya oveni" amelikosa tendo na amekikosa chombo.

Kwa hiyo tonir iwe tanuri la mikate, au tanuri la shimo panapohitajika kulitofautisha na lile la mofa, ambalo husimama juu ya ardhi. Lavash iandikwe lavashi, kama tulivyofanya kwa chapati, maana jina la mkate husafiri na mkate wenyewe. Kuhusu upatanisho, maandiko ya dini yamezoea tanuru ya moto, lakini wachomaji wa Kilosa husema tanuri la mkaa, wingi matanuri. Nafuata Kilosa: tanuri hili, matanuri haya, tanuri la mikate la Garni.